Ruhusa ya Kushuka Melini

Ramlo Abdi Yarow huuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, upande wa wanawake, kibanda cha tatu ukihesabu kutoka kwenye bomba la maji lililovunjika. Nakupa anwani kamili kwa sababu yeye mwenyewe hawapendi watu wa kuzungukazunguka wakiuliza. Utamkuta amekalia ndoo iliyopinduliwa, mwanamke wa miaka hamsini na minane, mrefu, mkavu, na mbele yake majerikeni manane yaliyofukizwa moshi hadi plastiki imegeuka rangi ya chai. Ukimwambia maziwa yake yananuka moshi, atakwambia nenda kanunue ya pakiti, yale hayanuki chochote.

Kuna desturi moja ya watu wa huku ambayo inafaa uijue mapema. Kwa Wasomali, mama humwita mtoto wake kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Mtoto akisema “hooyo”, yaani mama, mama naye hujibu “hooyo”. Mama mdogo ni “habaryar”, na yeye humwita mtoto wa dada yake “habaryar”. Kwa hiyo ukiwasikia watu wawili wakiongea nyuma ya ukuta unajua nani ni nani wa nani, bila kuchungulia. Tena kwa heshima tu, kijana yeyote humwita mwanamke mzima hooyo, naye humrudishia. Ramlo siku moja ya soko alikuwa akilisema neno hilo labda mara mia mbili. “Hooyo, lita moja.” “Haye hooyo, leta chupa.” Lilikuwa neno la kazi, kama faneli yake ya kumiminia maziwa.

Mtoto aliyemzaa yeye mwenyewe ni mmoja tu, anaitwa Deeq, na kwa karatasi zote zilizopo duniani si wake.

Mambo yalianza mwaka wa 2006, ukame ulipowamaliza mbuzi wake wote isipokuwa wawili, na hao wawili wakawa hawafai hata kuibwa. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Ramlo akamchukua Deeq, wakati huo ana miaka saba, akahamia karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab, kwa kuwa pale angalau kulikuwa na kisima. Posho ilikuwepo pia, unga na mafuta na maharagwe, lakini posho ilikuwa ya wakimbizi. Ramlo alikuwa Mkenya. Alikuwa na kipande, yaani kitambulisho, cha kuthibitisha hilo, na kipande hakipikwi.

Jirani yake wa uzio wa miiba alikuwa Maka, mkimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, mama wa watoto watano. Walikuwa wakichangia birika moja. Siku ya kuandikisha vichwa, Maka alimwambia, “Nipe Deeq. Nikiwa na vichwa sita watanipa posho ya sita. Ya kwake nitakuletea.” Ramlo akamtoa mwanawe kama unavyomwazima jirani sufuria. Wala hakuwa peke yake. Huku kwetu familia nyingi zilifanya hivyo mwaka ule, na anayewacheka hajawahi kulala siku tatu kwa maji ya moto. Hakuna aliyefikiri kwamba kitabu kile kingekuja kusomwa tena. Kwenye kitabu pakaandikwa: Deeq, mama yake Maka, amezaliwa ng'ambo ya mpaka.

Maka alikuwa mwaminifu. Posho ya Deeq ilivuka uzio bila kupungua hata kijiko, na Ramlo na mwanawe wakaishi. Lakini kitabu kina tabia ya kurudiwa. Walikuja kuhesabu tena, wakaja kupiga picha, wakaja kuchukua alama za vidole, na kila walipokuja ilibidi Deeq awe amelala kwa Maka. Mwisho akawa analala huko zaidi ya kwao. Halafu mwaka wa 2012, Deeq akiwa na miaka kumi na mitatu, familia ya Maka ikaitwa kupelekwa Norwei. Mama na watoto sita.

Maka alikuja akilia. Kumtoa Deeq kwenye orodha ilikuwa ni kuulizwa kwa nini, na ukishaulizwa kwa nini, faili lote linafungwa na hakuna anayepanda ndege. Ramlo alifikiri siku tatu. Deeq alikuwa hodari wa hesabu, na pale kambini darasa moja lilikuwa na watoto mia na ishirini. Siku ya nne alisema, “Aende.”

Asubuhi ya mabasi alisimama na watazamaji. Hakusogea karibu, maana maofisa walikuwa wakihesabu watu mlangoni mwa basi, na mwanamke anayemlilia mtoto wa mwenzake lazima ataulizwa. Kwa hiyo hakulia. Alikizuia kilio hadi basi likapotea kwenye vumbi, akangoja sasa kije, hakikuja. Hakijaja mpaka leo.

Ramlo akahamia Garissa mjini, akapanga chumba mtaa wa Waberi, akaanza maziwa. Deeq alipiga simu kila Ijumaa. “Hooyo.” “Haye, hooyo.” Alimweleza habari za theluji, za shule, halafu za kazi ya kuendesha basi katika mji ambao wakati wa baridi jua halichomozi kabisa. Ramlo alisikiliza vile watu wanavyosikiliza bei za mifugo redioni, kwa makini na bila kusisimka. Alijua moyo wa mama unatakiwa kufanya kitu fulani wakati kama huo. Wake ulikuwa umekufa ganzi, na aliona haya kwa ajili hiyo, ingawa hakumwambia mtu.

Miaka miwili iliyopita Maka alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Deeq alipiga simu siku isiyo Ijumaa. “Hooyo amekufa,” alisema huku analia. Ramlo akasema inna lillahi, akauliza atazikwa lini na nani ataosha maiti. Simu ilipokatika ndipo alipotambua kwamba mwanawe ametamka hooyo na hakumkusudia yeye. Akajitafuta kama ana hasira. Hakuwa nayo. Akarudi kuosha majerikeni.

Baada ya msiba Deeq alishikwa na hamu ya kuja. Uraia wa Norwei alikuwa ameuomba, na maombi yalikuwa yamelala mezani mwaka wa tano. Bado alisafiri kwa hati ya mkimbizi, na kwenye hati hiyo mama yake ni Maka na kwao ni ng'ambo ya mpaka. Aliomba ruhusa ya kuitembelea Kenya mara mbili. Mara zote mbili alijibiwa hapana, kwa barua fupi isiyo na sababu. Ndipo alipoigundua meli.

Habari ya meli ilifika Garissa kupitia kwa Fowsiya. Huyu ni binti wa miaka ishirini na saba, ana kibanda ng'ambo ya barabara, kompyuta moja na printa moja, na kazi yake ni kuwajazia watu fomu: za pasipoti, za shule, za hija, za kuomba samahani kwa kuchelewa kujaza fomu nyingine. Deeq alimtumia barua ya kampuni ya meli, naye akamwita Ramlo aje asikie.

“Eeddo, ukae kwanza,” Fowsiya alisema, maana majirani humwita Ramlo shangazi. “Ni meli ya kitalii. Inaanzia Shelisheli, inapita Mombasa, Unguja, inarudi Shelisheli. Deeq amenunua chumba cha bei ya chini kabisa, hakina hata dirisha.”

“Meli hiyo inabeba nini?”

“Watu tu. Wanalipa, wanapandishwa, wanazungushwa, wanarudishwa pale pale walipoanzia.”

“Kama mbuzi waliokosa mnunuzi mnadani,” Ramlo alisema.

Fowsiya alicheka, kisha akasoma. Kila bandari ilikuwa na sharti lake. Abiria atakayebaki melini hakuulizwa kitu, angeweza kukaa humo akila maandazi. Abiria atakayeshuka, hata kwa saa moja, lazima awe na ruhusa ya nchi anayoikanyaga, na aiombe kabla safari haijaanza. Anayesafiri kwa hati ya mkimbizi aambatanishe barua ya mwenyeji aliyeko nchini, yenye sahihi na namba ya kipande. Ruhusa ya namna hii ilikuwa ya siku moja. Kulala nchi kavu marufuku.

“Mtu wa siku moja wanamhofia kidogo kuliko mtu wa mwezi,” Fowsiya alisema. “Hii inaweza kupita.”

Wakaanza kujaza. Jina la mwenyeji, namba ya kipande, mahali anapokaa. Halafu kidole cha Fowsiya kikasimama. Fomu ilikuwa inauliza mwenyeji ni nani wa mgeni. Chini yake kulikuwa na orodha ya kuchagua, na neno la kwanza kabisa lilikuwa mzazi.

“Weka hilo,” Ramlo alisema.

“Eeddo, haiwezekani.” Fowsiya alijua kisa chote, kama nusu ya Garissa wanavyovijua visa vya namna hiyo. “Wataangalia hati yake. Hati inasema mama ni Maka, na Maka amekufa. Wataulizana huyu mama wa pili katoka wapi, tena ana kipande cha Kenya. Na Norwei watapata habari.”

“Halafu?”

“Halafu wanamnyang'anya hati. Hatakuwa mkimbizi, hatakuwa Mnorwei, na hapa hayumo kwenye kitabu chochote. Atakuwa mtu wa hewani.”

Ramlo akaitazama ile orodha. Mzazi, mwenzi, ndugu, rafiki, mwingine. “Basi rafiki,” alisema.

“Rafiki gani wa umri wako? Tuandike mwingine, kisha tueleze: mama mdogo, binamu wa marehemu. Binamu si lazima mfanane jina la baba.”

Ikaandikwa hivyo. Barua ikachapwa: Mimi, Ramlo Abdi Yarow, mama mdogo wa mtajwa. Ramlo akatia sahihi aliyofundishwa na huyo huyo Fowsiya, herufi kubwa tatu zinazoegemeana.

“Na kuna jambo jingine,” Fowsiya akasema. “Lile neno mliache. Kuanzia sasa, hata kwenye simu.”

“Neno gani?”

“Hooyo. Pale langoni kuna vijana wetu wanaofanya kazi, wanasikia. Karatasi iseme mama mdogo, halafu nyinyi muitane hooyo?”

“Kila mtu ananiita hooyo. Hata wewe ulikuwa ukiniita.”

“Hao ni watu baki. Mtoto hamwiti mama mdogo wake hooyo, anamwita habaryar, naye anamwita habaryar. Wewe unajua kuliko mimi. Fanyeni mazoezi lizoeleke mdomoni, siku hiyo lisije likawaponyoka.”

Walikuwa na Ijumaa sita. Ile ya kwanza Deeq alisema “habaryar”, akacheka. Ramlo hakucheka. Yeye ni mtu wa kazi, akipewa jambo analitengeneza mpaka liishe. Asubuhi akifukiza majerikeni, kipande cha mti kikitoa moshi ndani ya plastiki, alikuwa akijisemea: habaryar, habaryar. Ijumaa ya tatu ulimi ulimteleza mara moja. Ya nne haukuteleza. Ya tano ni Deeq aliyekosea, na Ramlo akamkatiza: “Habaryar, hapana.” Sokoni, wakati wote huo, aliendelea na hooyo zake mia mbili kwa siku, na hakuna aliyeona tofauti.

Katika Ijumaa hiyo ya tano Deeq alimwambia neno ambalo ndilo lililompandisha melini. “Nataka kitu kimoja tu,” alisema. “Langoni tutafanya kama alivyosema Fowsiya. Lakini tukishakaa peke yetu, uniite kama zamani. Tangu Maka afe ni wewe tu uliyebaki kuniita hooyo, na sasa hakuna. Huku mimi ni Deeq tu, kwa kila mtu, asubuhi hadi jioni.”

“Nitakuita,” Ramlo alisema. Aliona ni ombi dogo. Mtu alikuwa amelipia safari nzima ya meli kwa neno ambalo yeye humpa bure kila mwenye chupa.

Jibu lilikuja Jumanne. Fowsiya alivuka barabara mbio, simu juu, akikosakosa kugongwa na mkokoteni. “Imekubaliwa! Kushuka na kupanda, siku moja!” Akamkumbatia Ramlo, wanawake wa vibanda vya jirani wakapiga vigelegele. Ramlo alisema alhamdulillah. Akajipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akaona hapana kitu, akamgeukia mteja aliyekuwa akingoja. “Haye hooyo, leta chupa.”

Safari ya Mombasa aliianza alfajiri ya siku iliyotangulia meli, kwa basi la kupitia Hola na Garsen. Mapajani alipakata dhiil, chombo cha maziwa cha kufumwa alichoachiwa na mama yake, amekifukiza mara mbili na kukijaza hadi shingoni. Njiani alionyesha kipande mara tano. Katika kizuizi cha nne askari alimuuliza anakwenda wapi na mzigo ule.

“Mombasa. Naona mtu ya meli.”

“Meli gani, mama?”

“Ya kuzunguka bure,” Ramlo alisema, kwa Kiswahili chake cha sokoni. “Kibande ndiyo hii, angalia.” Askari akaangalia, akamwacha.

Alilala kwa mpwa wa marehemu mumewe, na saa mbili asubuhi alikuwa kwenye lango la abiria bandarini. Meli ilikuwa imeshafika. Kichwani mwake Ramlo alikuwa amechora kitu kama pantoni, pengine mbili zilizounganishwa. Kilichosimama pale kilikuwa na madirisha mengi kuliko Waberi yote. Aliyatazama madirisha hayo kwa muda, halafu akakumbuka kwamba chumba cha Deeq hakina, akaacha.

Walianza kushuka watalii wenye kofia pana na magoti mekundu. Wenye pasipoti nzuri walipita kama maji. Kisha wakaja wenye pasipoti za kuangaliwa mara mbili, na mwisho kabisa watu watatu wenye hati za kuangaliwa hadi mtu akaite mwenzake. Deeq alikuwa wa mwisho kati ya hao watatu. Ilikuwa imefika saa tano.

Ramlo alimjua kwa kovu la kwenye nyusi, alipopigwa pembe na beberu akiwa na miaka mitano. Mengine yote yalikuwa ya mtu mgeni, mrefu, mwenye ndevu zilizochongwa na kadi ya meli shingoni. Aliyesimama kati yao ni karani wa kike mwenye miwani.

“Mama, huyu ni nani wako?”

“Mimi mama mdogo yake.”

“Dada ya mama yake?”

“Binamu. Mama yake alikufa.” Alilisema wazi, bila kumeza mate, mbele ya uso wa mwanawe.

“Poleni,” karani alisema, akiwatazama wote wawili.

“Asante,” Deeq alijibu.

“Saa kumi kamili awe hapa. Meli haingoji mtu. Akichelewa atabaki kwetu, nasi hatuna pa kumwandika.”

“Habaryar,” Deeq akasema.

“Habaryar,” Ramlo akasema, wakakumbatiana. Alinukia sabuni. Karani aligonga muhuri, wakatoka.

Walikwenda kwenye mkahawa wa Wasomali usio mbali na lango, wakakaa kona ya ndani, chini ya feni. Wakaagiza wali na nyama ya ngamia. Deeq aliongea sana mwanzoni, haraka haraka, na Ramlo akasikia kwamba lafudhi yake ni ya Maka. Alifinyanga tonge kwa vidole vitatu kama Maka, alifuta mdomo kwa mgongo wa mkono kama Maka. Hakuchukia. Mtoto huokota vya nyumba aliyolelewa, na nyumba ile ilikuwa nzuri.

Akamfungulia dhiil. Maziwa yalikuwa yameanza kuchachuka kwa joto la njiani, kama inavyotakiwa. Deeq alikunywa, akafumba macho, akashusha chombo mezani. “Moshi,” alisema, na machozi yakamtoka, mtu mzima wa miaka ishirini na sita, dereva wa basi. Alilia hadi mhudumu akaleta kitambaa bila kuulizwa. Ramlo alimshika mkono. Ulikuwa mkono wa moto, mzito. Aliushika kama alivyoona wengine wanavyoshikana, akingoja.

“Maka alikuwa akiniambia kila mara,” Deeq alisema alipotulia. “Akinionyesha kwa wageni. Anasema, huyu nimemwazima, nitamrudisha.”

“Alikuwa mtu wa ahadi.”

“Ndiyo nimekuja.” Akatazama huku na huku. Meza za karibu zilikuwa tupu, na mhudumu alikuwa Mgiriama asiyejua neno la lugha yao. Akainama mbele, akapunguza sauti kama mtoto anayeomba sukari. “Sasa niite.”

Ramlo akafungua mdomo. “Habaryar,” akasema.

Wote wawili wakashtuka. Deeq alitabasamu, akangoja. Ramlo akajaribu tena. Alilijua neno, alijua linavyoanza, lakini kati ya kulijua na kulisema palikuwa na kazi ya wiki sita, na yeye kazi yake huwa haibomoki. Likatoka lile lile. Akajaribu mara ya tatu, polepole, akilitazama kovu lake. Habaryar. Akafunga mdomo.

“Basi, si kitu,” Deeq alisema. “Kula nyama.”

Lakini lilikuwa kitu. Ndicho alichokuwa amekifuata, na wote wawili walijua. Wakala. Deeq akamwonyesha picha ya basi lake, na ya mtaa mweupe, na ya kaburi la Maka lenye maua ya plastiki. Ramlo akauliza nani analifagia. Mara nne au tano Deeq alinyamaza katikati ya maneno na kumpa nafasi, kwa adabu, bila kumsukuma. Ramlo aliiona kila nafasi. Zikapita kama unavyoona gari ulilokusudia kulipanda likipita na miguu haitaki kunyanyuka.

Saa tisa na nusu walirudi. Alitaka Deeq aondoke na dhiil, lakini kwenye ukuta palikuwa na bango kwamba chakula kutoka nje hakiingii melini, na mlinzi akatikisa kichwa. Deeq alikunywa mafunda matatu ya mwisho hapo hapo amesimama, akamrudishia chombo.

“Mwakani,” alisema. “Wakinipa uraia nitakuja kwa ndege kama watu.”

“Inshallah,” Ramlo alisema.

“Haya, habaryar.”

“Haya, habaryar.”

Zamu ilikuwa imebadilika. Mahali pa karani wa miwani palikaa kijana mwembamba mwenye beji ya Abdihafid, uso wa Wajir kabisa. Alitazama muhuri, akatazama saa, akamruhusu Deeq apite kizuizi. Nyuma kulikuwa na kundi la watalii wanaorudi, wamebeba vinyago na vikapu, na Ramlo alikuwa amesimama katikati ya njia yao na dhiil yake kifuani, hajui.

“Hooyo,” kijana akamwambia kwa Kisomali, kwa upole, kama anavyoambiwa mwanamke yeyote wa umri wake, “sogea kidogo pembeni, watu wapite.”

“Haye, hooyo,” Ramlo akasema, akasogea.

Lilitoka jepesi, safi, kama linavyotoka sokoni. Upande wa pili wa kizuizi, Deeq alikuwa amelisikia. Akageuka. Alisimama pale na kadi yake mkononi, watalii wakimpita kushoto na kulia, akamtazama mama yake, akangoja aone kama amebakiza jingine. Ramlo alimtazama. Aliufungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu yale mabasi ya kambini alihisi kitu, nacho kilikuwa maumivu, hapa chini ya koo, makali hivi kwamba pumzi ya kusema haikupita.

“Wewe kijana, endelea,” Abdihafid alisema. “Saa kumi hii.”

Deeq akaendelea.

Siku ya pili yake Ramlo alirudi Garissa, na asubuhi iliyofuata alikuwa juu ya ndoo yake. Fowsiya alikuja kuuliza habari, akaambiwa ilikuwa nzuri, tulikula, amenenepa kidogo. Mteja wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyezoea kununua pale. “Hooyo, lita moja,” alisema, akanyoosha chupa.

Ramlo akaipokea, akaijaza hadi juu, akafunga kifuniko, akampa. Kijana akasimama kidogo, kama mtu aliyepewa chenji pungufu asiyejua adai nini. Na mpaka leo ni hivyo. Nenda pale kibanda cha tatu, mwite hooyo kwa adabu zako zote: atakupa maziwa, atakuulizia hali ya nyumbani, na kama huna pesa atakukopesha. Neno hilo tu ndilo hatakurudishia.